Homer na Jethro: nilinunua nicheke, nikaishia kuhesabu kodi za gita

Wadau, nimekaa na hii sidii wiki tatu sasa, kwenye gari, jikoni, na usiku na hedifoni masikioni ili mama watoto asinirushie mto, kwahiyo nadhani naweza kusema neno kuhusu Homer na Jethro bila kukurupuka. Ni mkusanyiko wa nyimbo zao walizorekodi kwa kampuni ya santuri ya RCA Victor kuanzia 1949, nimeupata mtandaoni kwa dola 9, mtumba lakini safi, halafu kwa muuzaji mwingine nikachukua na santuri yao ya 1962 inaitwa Playing It Straight, dola 12 pamoja na posta. Hiyo santuri ina kesi yake, tutaifikia.

Kwa asiyewajua, hawa ni jamaa wawili wa Tennessee. Henry Haynes ndio Homer, anapiga gita, Kenneth Burns ndio Jethro, anapiga mandolini, wote wamezaliwa 1920. Kazi iliyowapa jina ni moja: wimbo ukishapendwa redioni mpaka watu wanauimba bafuni, wao wanauchukua, melodi wanaiacha ilivyo, ila maneno wanayageuza yawe ya mshamba wa milimani, yule ambaye Wamarekani wanamwita hilibili. Penye mapenzi mazito panaingia mbwa mvivu, penye mwezi na nyota panaingia mke asiyependeza na shati lisilofuliwa. Na wanaimba puani, lafudhi nzito, sura kavu kama wako msibani, hawacheki hata kidogo, kucheka ni kazi yako wewe.

Hata majina yenyewe ni ajali. Mwaka 1936 walikuwa vijana wa miaka 16 pale kituo cha redio cha WNOX mjini Knoxville, wakijiita Junior na Dude, sasa Lowell Blanchard, aliyekuwa anasimamia vipindi, yuko hewani anataka kuwatambulisha, majina yakamtoka kichwani, akaropoka Homer na Jethro, na ikawa hivyo hivyo maisha yao yote. Mtu anaropoka halafu kinakaa vizuri kuliko kilichopangwa. Nyimbo zao nyingi ndivyo zilivyo, unasikia kama kitu kimetupwa tu kumbe kimepimwa kwa rula.

Sasa kosa langu la kwanza, nalisema ili we usilirudie. Nilivyofungua ile sidii nikaiweka kwenye redio ya gari nikaanza wimbo wa kwanza mpaka wa ishirini kama mtu anayesikiliza mahubiri. Sikucheka. Nimecheka labda mara mbili, tena ya pili ni kwa sababu ya sauti tu. Nikaanza kujiona nimeliwa dola 9. Maana huu ni utani wa mtu anayejua kitu kinachotaniwa, ni kama kuingia sebuleni watu wanamuiga shangazi yako mkubwa ambaye we hujawahi kumwona, wenzako wanajigaragaza chini we umekaa unatabasamu kwa heshima.

Dawa yake ni rahisi lakini inataka uvivu uache: tafuta wimbo wenyewe kwanza, usikilize mzima, ikibidi mara mbili, NDIO uwaweke hawa. Nilianza na ule wa mwimbaji Patti Page wa 1953 wa kuulizia bei ya mbwa dirishani. Ni kitu kitamu mno, kisafi, kina mpaka sauti za mbwa anayebweka, Marekani nzima iliuimba ule wimbo na nadhani nusu yao walishauchoka ila walikuwa wanaona aibu kusema. Halafu weka ya Homer na Jethro ya mwaka huohuo. Mbwa ni mmoja na dirisha ni moja, lakini kale kambwa ka kubembeleza kamegeuka jibwa la kuwindia, na ile sauti ya binti mwenye adabu imekuwa ya jamaa ambaye ukimwona dukani kwako unaanza kuhesabu bidhaa. Hapo ndio nilipaki gari pembeni. Ule wimbo ulifika namba 2 kwenye chati za kantri, na ukiwasikiliza kwa mpangilio huu unaelewa kwanini, walikuwa wanawafuta watu sukari mdomoni.

Ila wenyewe hasa, ule ambao ningelipa dola 9 kwa ajili yake peke yake, ni ule waliofanya na June Carter mwaka 1949, wa Baby, It's Cold Outside. Huyu June ni wa ile familia ya Carter, ukoo wa wanamuziki wa kantri, mama yake ni Maybelle Carter, wakati huo ana miaka kama 20 tu, bado sana kuolewa na mwimbaji Johnny Cash. Wimbo wenyewe ni wa Frank Loesser, aliutunga akawa anauimba na mkewe kwenye sherehe za watu, ukaja kuingia kwenye filamu na kuchukua Oscar. Ni mazungumzo, mwanamke anasema naenda, mwanaume anasema nje kuna baridi, mwanamke anasema mama atakuwa na wasiwasi, mwanaume anasogeza glasi. Kistaarabu kabisa, watu wa mjini wenye zulia na moto wa kuota.

Sasa hawa watatu wanaupeleka milimani. June haimbi kama mtu anayebembelezwa, anaimba kama mtu aliyekuja kudai deni. Ile sauti yake ni kali, inaparuza, anaingia kabla wenzake hawajamaliza, wanagongana, wanasubiriana, na hapo ndio nikaanza kushtuka, maana kugongana kwa namna ile bila kuharibu mdundo sio kitu cha bahati mbaya. Jaribu wewe na mwenzako muimbe kwa kuingiliana hivyo muone kama hamtapotezana kwenye mstari wa tatu. Wamechafua wimbo lakini hawajaangusha hata pigo moja. Na kuna kitu kidogo kinanifurahisha sana: Loesser aliwaruhusu kwa sharti kwamba kwenye lebo ya santuri iandikwe kwamba wanamuomba radhi Frank Loesser. Na ikaandikwa! Yaani unashika santuri mkononi, katikati pale penye jina la wimbo unakuta msamaha rasmi kabisa, kama mtoto aliyelazimishwa kumwomba jirani radhi huku bado anacheka. Siku hizi mchezo ni tofauti kidogo, kuna hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1994, ile kesi ya kundi la rap la 2 Live Crew na Acuff-Rose, kampuni inayomiliki haki za nyimbo, iliyosema wimbo wa kumkejeli mwenzio unaweza kuwa matumizi halali hata kama unauza. Lakini mi naona ule wa kuomba radhi kwenye lebo ndio ulikuwa mzuri zaidi, ni utani juu ya utani.

Halafu kuna wimbo wa The Battle of Kookamonga. Huu ndio mkubwa wao kibiashara, 1959, uliingia mpaka kwenye chati ya nyimbo za watu wote na kufika namba 14. Unatania The Battle of New Orleans, wimbo wa Jimmy Driftwood, mwalimu wa Arkansas aliyeutunga ili wanafunzi wake waelewe historia, ile vita ya Januari 1815 ya Andrew Jackson kuwafukuza Waingereza, na Johnny Horton ndiye aliyeupeleka juu kabisa. Homer na Jethro wamechukua vita nzima wakaifanya kambi ya skauti. Vijana wa skauti wako porini, wanasikia kuna skauti wa kike karibu, basi, mashambulizi. Mizinga hamna, Waingereza hamna, kuna chakula cha safari na akili za kitoto. Na sikiliza hii, kwenye Grammy za mwaka huo wimbo wa Driftwood ulichukua wimbo bora wa mwaka, na hawa wakachukua ya komedi ya muziki, usiku uleule. Aliyetaniwa na mtaniaji wote wanarudi nyumbani na kikombe.

Sasa je, unachekesha leo? Nusu. Ile picha ya jeshi la watoto wenye njaa bado inachekesha, ila habari ya kundi la wavulana kuwanyatia wasichana kwenye vichaka, mi nina binti, nikafika hapo nikapunguza sauti. Sisemi wafungiwe, nasema tu nilipunguza sauti.

Na hapo ndio niseme ya moyoni kuhusu upande mbaya wa huu mkusanyiko. Vichekesho vya mke mbaya ni vingi MNO. Kimoja unacheka, cha pili unatabasamu, cha tano unaanza kujiuliza hawa jamaa nyumbani walikuwa wanapewa chakula kweli. Aliyepanga sidii naye hana huruma, kaweka vitatu vya aina hiyo vimefuatana. Pia kuna nyimbo ambazo wimbo mama umeshakufa kabisa, hata ukiutafuta unakuta haukuwa na maana hata wakati wake, sasa kuutania wimbo ambao hakuna anayeukumbuka ni sawa na kumsema mtu aliyehama mtaa. Hizo ruka tu. Na usisikilize zaidi ya tano kwa mkupuo, zilitengenezwa kutoka moja moja, upande huu na upande ule wa santuri ndogo, dakika mbili na nusu unacheka unaendelea na shughuli zako. Kuzipanga ishirini ni kama kula pilipili kwa kijiko.

Wao wenyewe walijua wanauza nini. Wakati wasanii wengine wanatoa santuri za nyimbo zao bora, hawa mwishoni mwa miaka ya hamsini wakatoa ya kwao wakaiita mbovu kuliko zote, The Worst of Homer and Jethro. Na miaka ya sitini wakawa kwenye matangazo ya Kellogg's ya Corn Flakes, ambayo ukifikiria ni utani wa maneno tu, maana kwa Kiingereza mzaha wa kizamani wa kishamba unapewa jina la mahindi, sasa nani auze mahindi kama sio hawa.

Tuje kwenye kilichonifanya niandike haya yote.

Siku kama ya nane hivi, nikiwa na hedifoni, nikaacha kusikiliza maneno. Sijui ni kwa sababu nilishayakariri au ni usingizi. Nikaanza kusikia kinachoendelea nyuma. Kumbe hawa watu hawapigi muziki wa kishamba hata kidogo! Mandolini kwa kawaida kwenye muziki wa milimani, ule wa bluegrass wa akina Bill Monroe, inakatakata ile mipigo ya katikati, chak, chak, na ikifika solo inakimbia kwa kasi juu ya kodi mbili tatu, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Jethro hafanyi hivyo. Jethro anapiga jazi. Anaingia kwenye solo kwa mstari mmoja unaozunguka, anapita kwenye noti za katikati ambazo mshamba wa wimbo hana habari nazo, anamalizia mahali ambapo hukutegemea halafu anarudi kuimba puani kama hakuna kilichotokea. Sekunde kumi na tano hivi. Ukipiga chafya imepita. Walimpenda sana Django Reinhardt, mpiga gita wa jazi, wakiwa vijana na ukishalijua hilo unalisikia kila mahali.

Na Homer je. Homer ndio balaa lenyewe, kwa sababu hasikiki. Mi napiga gita la kwaya, kodi zangu nne zinanitoa ibada ya kwanza mpaka ya pili na hamna aliyewahi kulalamika. Nikasema ngoja nimfuate huyu mzee kwenye wimbo mmoja mwepesi, nikategemea C, F, na G7, nikakaa kitandani na gita. Nusu saa nzima niko kwenye mistari minne. Jamaa anabadilisha kodi karibu kila pigo, moja mbili tatu nne na kila moja ina kodi yake (za gita jamani, sio za nyumba), anaishika kidogo anaiachia, inakuwa fupi kama mtu anayegonga mlango kwa adabu, na besi ya ndani ya zile kodi inatembea yenyewe ikipanda na kushuka. Vidole vyangu vikagoma. Mama watoto akaniuliza, baba nanii, hilo gita limeharibika? Nikamwambia hapana, ni mimi.

Ndio nikaelewa kwanini utani wao unakaa na wa wengine wengi wa aina hii hausikiliziki. Anayetaka kuchekesha kwa muziki mara nyingi anaharibu na muziki wenyewe, anaweka filimbi, sufuria, makelele, ili ujue hapa ndio pa kucheka. Hawa muziki hawaugusi. Umevaa suti safi kabisa, halafu mdomo ndio unaongea upuuzi. Ni Abunuwasi anayejifanya mjinga mlangoni kwa tajiri, we unamcheka alivyovaa huku yeye ameshaingia ndani ameshakula. Hata Chet Atkins, bingwa wa gita na bosi wa RCA pale Nashville, alikuwa mtu wao, na sio kwa kazi tu, yeye na Jethro ni wanyumba, wameoa mapacha. Nawaza tu sikukuu kwenye ile familia, nani alikuwa anathubutu kushika gita.

Ndio maana nikaagiza Playing It Straight. Hiyo ni santuri waliyotoa 1962 bila utani, hakuna kuimba, ni vyombo tu, na 1967 wakatoa nyingine ya namna hiyo, It Ain't Necessarily Square, hiyo bado naitafuta kwa bei ya kibinadamu. Ukiiweka mbele ya mtu asiyejua historia yao atakuambia hawa ni wanajazi wa klabu fulani ya Chicago, na hatakuwa amekosea sana maana Chicago walikaa, walijiunga na kipindi cha National Barn Dance cha redio WLS pale mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Kwangu mimi hii ndio bora kuliko mkusanyiko, lakini nasema hivyo huku najua nisingeifikia bila mkusanyiko. Na ukianza na hii kisha ukarudi kwenye zile nyimbo za mbwa na shati chafu, unazisikia upya, unamkuta Jethro anajificha kwenye kila wimbo kwa sekunde zake kumi na tano.

Sasa kesi. Muuzaji aliandika kwamba santuri iko hali nzuri sana. Ganda ni zuri kweli, hata harufu ya stoo haina. Nikaweka sindano, upande wa kwanza safi, nikawasha taa ndogo nikajilaza. Upande wa pili, wimbo wa tatu, Jethro ndio anaingia kwenye solo, tak, tak, tak, inarudi palepale. Kuna mkwaruzo kama wa ukucha kutoka ukingoni mpaka karibu na lebo, unauona hata bila taa. Nikamwandikia kwa upole na picha nikamtumia, akanijibu kwamba kwake inapiga vizuri. Kwake! Santuri iko kwangu, ndugu. Tumevutana siku nne akanirudishia dola 5, nimezichukua nikanyamaza.

Kwahiyo ukinunua za mitumba omba picha ya upande wa pili kwenye mwanga, sio ya ganda. Na angalia namba ya RCA kwenye ganda, LPM ni mono, yaani sauti yote inatoka kwa njia moja, na LSP ni stirio, inagawanywa kushoto na kulia, kwa zile nyimbo zao za mwanzo we chukua mono bila kufikiri, maana rekodi za kabla ya stirio zilizokuja kulazimishwa kuwa stirio kwa ufundi wa studio zinasikika kama watu wako ndani ya pipa. Playing It Straight ni ya enzi ya stirio, hiyo haina shida.

Nyota: mkusanyiko naupa 3 na nusu, hiyo nusu ni ya June Carter. Santuri 5, muuzaji 2.

Homer alikufa 1971 kwa moyo, miaka 51 tu. Jethro akaendelea, akafundisha mandolini, akazunguka na mwimbaji Steve Goodman, akafa 1989, na 2001 yeye na Homer wakaingizwa kwenye Country Music Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa muziki wa kantri. Kuna picha nyingi za Jethro mzee akipiga peke yake na bado ana ile sura kavu. Mimi niko bado kwenye ile mistari minne. Jana nimefika pigo la tisa, hapo kuna kodi ambayo nimeitafuta kwa vidole vyote na naamini kabisa huyu Homer alikuwa anatumia na dole gumba kwa juu, kama kuna anayejua kuishika aniambie, ni palepale kabla mbwa hajatajwa mara ya pili.